Beki Hana Wimbo

Jumatano ya tarehe 17 Januari 2024, saa mbili usiku, banda umiza la mtaani kwetu Ndandalo lilijaa mpaka watu wakakalia magunia ya mpunga. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi kabla, na kila aliyeingia aliingia na tope lake. Taifa Stars ilikuwa San Pedro, Ivory Coast, ikicheza na Morocco, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka mmoja tu nyuma. Tuliujua uzito wa mzigo. Tulikwenda hivyo hivyo, maana mtu haachi kwenda msibani eti kwa sababu marehemu hatafufuka.

Romain Saïss alifunga dakika ya 30. Mapumziko ikawa 1-0, tukasema si haba. Kipindi cha pili Novatus Dismas akapewa kadi nyekundu, tukabaki kumi, na kati ya dakika ya 77 na ya 80 Azzedine Ounahi na Youssef En-Nesyri wakamaliza kazi. Tatu bila.

Kesi ilianza kabla mpira haujaisha. Dereva wa bajaji alisema kocha anapanga mabeki kama anayepanga tofali, halafu hakuna wa kupeleka mpira mbele. Mwenye duka la pembejeo akasema mabeki hawana kosa, kosa ni la viungo wasiorudi kukaba. Kijana wa kidato cha nne akasema tatizo ni kocha mgeni, Adel Amrouche wa Algeria, aliyekuwa na timu tangu Machi 2023. Fundi baiskeli, ambaye ni Simba wa damu, akahesabu kwa vidole mabeki wa kati waliomo kikosini: Dickson Job wa Yanga, Bakari Mwamnyeto wa Yanga, Ibrahim Bacca wa Yanga. Akauliza kama hii ni timu ya taifa au ya Jangwani. Wa Yanga wakamrudishia: na Mohamed Hussein Tshabalala anatoka wapi? Mwingine alitaka Lusajo Mwaikenda wa Azam apewe namba mbili mashindano yote. Hoja yake haikuwa ya ufundi. Mwaikenda ni jina la kwetu, na Lusajo kwa Kinyakyusa ni baraka. Nani anakataa baraka?

Katikati ya kelele zile baba yangu mdogo alikaa kimya. Anakaribia miaka sabini. Enzi zake alicheza namba tatu, beki wa kushoto, katika timu ya kata, na mpaka leo akitembea unaona mguu wa kulia umebaki nyuma kidogo, kama unaolinda. Watu walipochoka kubishana, akauliza:

"Ndola mwaka 1979, aliyefunga ni nani?"

Banda zima likajibu kwa sauti moja: Peter Tino. Hata waliozaliwa miaka thelathini baadaye walijibu.

"Vizuri. Na Tino alipokwisha kufunga, Zambia wakaja juu. Nani aliondoa mipira?"

Kimya.

"Basi mnamhukumu kocha, na mabeki wenyewe hamuwajui." Akachukua tochi yake, akatoka.

Nimekaa na swali lile tangu usiku ule. Kila nilipojaribu kulijibu nimejikuta narudi nyuma, kwenye historia ya timu ya taifa kama tulivyoiishi huku mwisho wa nchi, mahali ambapo barabara ikiendelea kidogo unafika Kasumulu na Malawi, na ikikata upande mwingine unafika Itungi, kwenye maji ya Ziwa Nyasa.

*

Agosti 1979 nchi ilikuwa imechoka. Kampala ilikuwa imeanguka mwezi Aprili, vita na Idi Amin vimekwisha katikati ya mwaka, na watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni. Katika hali hiyo Taifa Stars ilikuwa inatafuta tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika ambazo haikuwahi kuzigusa. Iliitoa Mauritius. Ikabaki Zambia.

Kwa mtu wa mkoa wa Mbeya, Zambia si jina la kwenye ramani. Reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976 inapita Mbeya ikielekea Kapiri Mposhi, na watu wa Tunduma wanavuka mpaka kwenda sokoni na kurudi. Tulikuwa tunawajua Wazambia na tulikuwa tunaujua mpira wao. Waliokuwa na redio walisikia Stars ikishinda 1-0 Dar es Salaam, na wakajua kwamba ushindi mwembamba namna ile ni deni la kwenda kulipa Ndola.

Baba mdogo anasimulia kwamba mechi ya marudiano waliisikiliza kwa jirani, kwenye redio ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya mwisho. Zambia ilitangulia kufunga. Hapo jumla ikawa sawa, na uwanja wote ule wa Ndola ukawa unaisukuma timu yao. Kwa masimulizi yake, kilichofuata ni muda mrefu wa mtangazaji kutaja majina ya Wazambia tu, na katikati ya majina hayo neno moja likijirudia: imeondolewa. Imeondolewa. Imeondolewa tena. Kisha, katika dakika za mwisho, Peter Tino akasawazisha. Ikaisha 1-1, jumla 2-1. Tanzania ikaenda Nigeria.

Kizazi kile kilikuwa na Jella Mtagwa na Leodegar Tenga upande wa ulinzi, na makipa Athumani Mambosasa na Juma Pondamali. Tenga baadaye aliliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013. Mtagwa picha yake ilichapwa kwenye stempu. Kwa beki hiyo ni heshima isiyo ya kawaida, kwa sababu beki kwa desturi hana wimbo. Mfungaji anaimbwa usiku uleule. Beki anatajwa siku anapokosea.

Machi 1980, Lagos, Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, waliokuja kulichukua kombe. Ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Ivory Coast. Mabao sita yaliingia, matatu yalitoka, na ikarudi nyumbani na sare moja. Ukiuliza leo nani alikuwa kocha, utapata majibu mawili. Wapo watakaosema Joel Bendera, mzalendo, ambaye baadaye alikuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa. Wapo watakaosema Slawomir Wolk, Mpolandi. Majina yote mawili yapo katika kumbukumbu za safari ile. Ubishi uliobaki ni la nani linatangulia, na ubishi huo haujawahi kuwa wa makaratasi tu. Ndani yake kuna swali lililotufuata miaka yote: jambo zuri likitokea kwetu, tunaamini ni sisi tuliolifanya, au tunamtafuta mgeni wa kumshukuru?

*

Watu wa Dar es Salaam hudhani ubishi wa mpira ni kitu cha vijiwe vya Kariakoo. Huku kwetu una mizizi ya zamani kuliko mpira wenyewe.

Katika miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa kwa Wanyakyusa wakachunguza maisha yao. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kuhusu vijiji vya marika, desturi ambayo wazee wetu waliishi nayo: vijana wa kiume, wakiwa bado wadogo, walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakua pamoja, wakazeeka pamoja. Neno alilolikuta katikati ya maisha hayo ni ukwangala. Ni kukaa na wenzako wa rika, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza. Kwa wazee, mtu hakupata akili kwa kukaa peke yake. Aliipata kwa kubishana na wenzake bila kuwavunjia heshima.

Vijiji vile vya marika havipo tena. Lakini ukipita Ndandalo jioni, ukaona benchi nje ya karakana ya baiskeli, wazee wawili watatu, vijana wamesimama, mtu amekalia tairi, na wote wanazungumzia kama mabeki wawe wanne au watano, umeuona ukwangala umevaa jezi.

Tena sisi hatubishani kama watazamaji wa mbali. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Tukuyu ni saa moja na ushee kwa gari kutoka hapa, unapanda mlima ukiacha joto la ziwa nyuma yako. Timu ya mji mdogo wenye ukungu na migomba iliwaacha Simba na Yanga chini yake. Miaka ishirini na saba baadaye ikaja Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, jezi za zambarau. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, chini ya kocha mzawa Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu, msimu ambao Azam ilichukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Kwa hiyo mtu wa huku akikwambia kocha mzawa anaweza, au timu isiyo na majina makubwa inaweza kujilinda na kushinda, haongei ndoto. Ameona kwa macho.

Lakini mwaka ule wa 1986 una sehemu nyingine ambayo haimo katika historia ya ligi. Baba mdogo alikuwa kwenye kilele cha mpira wake. Kata yetu ilikuwa na fainali ya kombe la mbuzi, na uvumi ulizagaa kwamba yupo mtu ameshuka kutoka Tukuyu kuangalia vijana. Uwanja ulikuwa tope. Dakika za mwisho, bila kwa bila, krosi ilikuja kutoka kulia. Baba mdogo alikwenda kuiondoa, mguu wa kusimamia ukateleza, na mpira ukaingia kwenye lango lake mwenyewe. Mbuzi alikwenda upande wa pili wa mto. Kama mtu wa Tukuyu alikuwepo kweli, hakumwita mtu. Baba mdogo alirudi kwenye mpunga na baadaye kwenye kakao, na kwa karibu miaka thelathini hapakuwa na mtu aliyeitaja siku ile mbele yake.

*

Aliyeitaja ni fundi baiskeli, mwezi Novemba 2015.

Mwezi Juni mwaka ule Stars ilifungwa 3-0 na Uganda Zanzibar, na kocha Mholanzi Mart Nooij akatimuliwa. Kazi ikapewa Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga. Kijiwe kiligawanyika. Baba mdogo alikuwa upande wa Mkwasa. Hoja yake ilikuwa kwamba ulinzi ni lugha: mabeki wanne lazima wasikilizane kabla hawajaonana, na kocha anayewasemesha kwa mkalimani anachelewa neno moja kila mara. Fundi alikuwa upande wa wageni. Alisema mzawa anawajua wachezaji mno, anawaonea haya, hawezi kumweka nje mtoto wa rafiki yake.

Tarehe 14 Novemba Algeria ilikuja Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia. Elias Maguri akafunga, Mbwana Samatta akaongeza. 2-0 dhidi ya Algeria! Baba mdogo alisimama juu ya benchi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha Islam Slimani akafunga mawili ndani ya muda mfupi, ikaisha 2-2. Usiku ule ubishi ulikuwa wa kawaida: wapo waliosema timu ilirudi nyuma mapema, wapo waliosema haikurudi nyuma vya kutosha. Hoja hizo mbili zinapingana kabisa, na kila moja ilikuwa na watu waliokuwa tayari kuapa.

Siku tatu baadaye, Blida, Algeria ilishinda 7-0.

Asiyewahi kuangalia timu yake ikifungwa saba hajui jinsi banda linavyonyamaza kuanzia la nne. Watu wanaanza kuangalia simu. Fundi alisubiri mpaka mwisho, akasema mbele ya wote, wadogo kwa wakubwa: "Kaka, si unaona? Beki wa Kitanzania akikosa mtu wa kumfunga goli, anajifunga mwenyewe. Wewe si unajua."

Hapo ndipo nilipoisikia habari ya 1986 kwa mara ya kwanza. Niliisikia kwenye nyuso za wazee waliotazama chini.

Baba mdogo hakujibu. Alikuwa mtu wa kupeleka baiskeli yake kwa fundi kila wiki hata isipoharibika, kwa ajili ya maongezi tu. Baada ya usiku ule aliisukuma baiskeli mbovu mpaka mjini Kyela kuitengeneza kwa mwingine. Walikutana misibani, wakapeana mikono kama desturi inavyotaka, wakakaa pande mbili za turubai. Mtu akiuliza kulikoni, kila mmoja alisema hakuna kitu, ni mambo ya mpira.

Nadhani hapo ndipo tunapojidanganya. Tunasema ni mambo ya mpira kana kwamba mpira ni chombo kitupu. Walichokuwa wanabishania wale wawili ni kama mtu anaweza kuaminiwa tena baada ya kuteleza mara moja mahali pabaya. Mshambuliaji akikosa mabao matano akafunga la sita, tunasahau matano. Beki akiondoa mipira hamsini, akakosa mmoja, tunakumbuka mmoja. Kocha tunampima kwa kipimo kilekile cha beki.

*

Agosti 2018 TFF ilimpa timu Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyefunga mabao mawili katika fainali ya AFCON ya 1994. Kabla hajacheza mechi hata moja akafanya jambo lililotikisa vijiwe vya nchi nzima: aliwaondoa kambini wachezaji waliochelewa kuripoti, sita wa Simba na mmoja wa Yanga. Miongoni mwao alikuwemo Erasto Nyoni, beki anayeweza kucheza namba yoyote ya nyuma. Fundi, mpenda makocha wa kigeni, alijikuta mgeni amemgusa Simba wake. Alitukana siku mbili. Baba mdogo, mpenda wazawa, nilimsikia nyumbani akisema taratibu kwamba yule Mnigeria ana haki, kwa sababu ukuta unaanza na watu kufika kwa wakati. Walikuwa wamebadilishana pande bila kujua, kwa kuwa hawakuwa wanaongea.

Safari yenyewe ilikuwa ya mawimbi. 0-0 Kampala mwezi Septemba. 3-0 ya kufungwa Cape Verde mwezi Oktoba, kisha siku nne baadaye 2-0 ya kuwafunga haohao Dar es Salaam. Novemba tukapoteza 1-0 kwa Lesotho, matokeo yaliyowafanya watu wadai Amunike afukuzwe palepale Maseru. Hakufukuzwa. Nyoni alirudishwa. Ikabaki mechi moja, tarehe 24 Machi 2019, na Uganda iliyokuwa imekwisha kufuzu. Tulitakiwa kushinda, na Lesotho isishinde Cape Verde.

Simon Msuva alifunga la kwanza. Kipindi cha pili tukapata penalti, akaipiga Erasto Nyoni, yule aliyekuwa amerudishwa nyumbani Agosti. Ndani. Dakika chache baadaye la tatu, Aggrey Morris wa Azam, beki wa kati. Cape Verde na Lesotho wakatoka bila bila. Tanzania ilikwenda AFCON baada ya miaka 39.

Watu walikuwa wanarukaruka, na katika kurukaruka kule nilimwona fundi akilivuka banda. Alisimama mbele ya baba mdogo. Miaka mitatu na miezi minne. Akasema: "Kaka, leo mabeki wamefunga. Tena kule mbele."

Ilikuwa kauli ya hatari. Ingeweza kuwa kisu cha pili. Baba mdogo alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akajishika kwenye nguzo ya banda. "Ndaga," akasema. Asante. Kesho yake baiskeli ilikuwa karakana kwa fundi, matairi juu, haina ubovu wowote.

Misri, Juni 2019, haikuwa nzuri. Senegal 2-0. Kenya tuliwaongoza mara mbili, tukafungwa 3-2. Algeria 3-0. Amunike akaondoka mwezi Julai. Kijiwe kilimhukumu kwa yale manane yaliyoingia, lakini wale wawili hawakugombana tena. Walibishana, na kubishana si kugombana.

*

Ndiyo maana usiku ule wa Morocco, Januari 2024, fundi alikuwa wa kwanza kumfuata baba mdogo na tochi yake barabarani.

Siku mbili baada ya mechi ile mambo yalikwenda haraka. Amrouche alikuwa amesema maneno ya kuituhumu Morocco kwamba ina mkono katika uendeshaji wa soka la Afrika. Shirikisho la Afrika, CAF, lilimfungia mechi nane, na TFF ikamsimamisha. Timu, ikiwa katikati ya mashindano, ikapewa Hemed Suleiman, Mzanzibari, akisaidiwa na Juma Mgunda. Hemed ndiye aliyeifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji nchini Kenya mwaka 2017. Jina lake la utani ni Morocco. Kijiwe kilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile: Morocco amemfukuzisha kocha, na Morocco amechukua nafasi yake.

Kubadilisha kocha kati ya mechi ya kwanza na ya pili ni kama kubadilisha nahodha wa mtumbwi mkiwa katikati ya ziwa. Wavuvi wa Matema watakwambia kwamba hilo linafanyika, lakini kwa masharti mawili: wote wakae chini, na asiwepo anayesimama kuonyesha anajua. Hapakuwa na muda wa kufundisha jambo jipya. Kilichowezekana ni kuwaambia watu wakae karibu karibu, wasiache nafasi katikati ya mistari, wasaidiane.

Jumapili tarehe 21, Zambia. Zambia tena, miaka 44 baada ya Ndola. Samatta akampenyezea Msuva, 1-0 dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakapungua mmoja kwa kadi nyekundu. Kuanzia hapo tulilinda, na kulinda ukiwa mbele ni kazi ndefu kuliko zote. Baba mdogo aliangalia mechi nzima akiwa amesimama, na kila mpira ulipoondolewa alisema neno moja kwa sauti ya chini. Imeondolewa. Vijana wakaanza kumwitikia. Imeondolewa! Mpaka dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.

Hapakuwa na matusi. Nilisubiri matusi, hayakuja. Mtu mmoja tu aliuliza nani alikuwa amekaba pale, na fundi akamkata: "Umehesabu na zile alizoondoa?"

Jumatano tarehe 24, saa tano usiku, Kongo. Bila kwa bila. Tukamaliza mkiani mwa kundi na pointi mbili, tukatoka. Hiyo ndiyo historia itakayoandikwa: mkiani, bao moja la kufunga. Lakini mechi mbili chini ya kocha aliyepewa timu njiani ziliruhusu bao moja tu, na kwa watu walioangalia saba za Blida ile ilikuwa habari kubwa kuliko msimamo wa kundi.

Saa saba usiku tulipotoka bandani, hapakuwa na wimbo, maana 0-0 haina wimbo. Fundi alifungua karakana yake gizani, akachukua chaki anayoandikia madeni, na kwenye ubao wa mlango akaandika majina ya mabeki wote waliocheza usiku ule, wa Yanga na wa Simba na wa nje, na kipa. Baba mdogo akamulika kwa tochi. Alipomaliza akamwuliza mzee kama ameacha mtu. Baba mdogo akasoma kuanzia juu mpaka chini, taratibu, akasema hakuacha mtu.

Mambo yameendelea. Novemba 2024 Hemed aliifunga Guinea 1-0 na kutupatia tiketi nyingine. Mwaka mmoja baadaye, fainali zikikaribia, timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina, na ubishi wa Bendera na Wolk ukafufuka ukiwa na majina mapya: aliyelima ni nani, na aliyevuna ni nani? Huko Morocco tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia. Pointi mbili, zilezile za Ivory Coast, safari hii zikatosha kutuingiza 16 bora kwa mara ya kwanza. Wenyeji walitutoa kwa bao moja tarehe 4 Januari 2026. Kutoka tatu bila hadi moja bila, mbele ya timu ileile, ndani ya miaka miwili.

Mvua za Kyela hazina huruma na chaki. Kila masika ubao wa fundi unafutika, na kila Stars inapocheza anaandika upya, akianza na mabeki. Washambuliaji hawaandiki. Anasema hao mtawakumbuka wenyewe.